Nati, Kipimo na Mchoro: Maneno kwa Vijana wa Pangani

(Hii ni hotuba ya fundi mmoja mstaafu wa magari, aliyoitoa mbele ya wanachama, wazazi na vijana wa Pangani, Kibaha. Tunaichapa kama ilivyotolewa.)



Mwenyekiti ameniita nije kuwaeleza habari za kazi ya ufundi katika viwanda vikubwa vya magari. Kazi hiyo niliifanya miaka 11 katika ujana wangu, na baada ya hapo nimeishi kwa karakana yangu mwenyewe. Sikuja hapa kujisifu. Mimi si mhandisi, wala sikusoma chuo kikuu. Nina cheti cha fundi sanifu, mikono hii miwili, na kidole kimoja kisichokunjika. (Kicheko.)

Lakini kabla ya kuitwa na Mwenyekiti nilikuwa nimekwisha kuitwa na mtu mwingine. Mama mmoja wa hapa hapa Pangani alinisimamisha njiani, ndoo iko kichwani, akaniambia: "Baba, mwanangu amemaliza kidato cha nne. Nasikia kwenye viwanda vya magari wanachukua vijana. Nimpeleke huko, au nimwache aendelee na bodaboda ya mjomba wake?" Nikanyamaza. Kisha nikamwambia, "Mama, jibu lake si la neno moja. Nipe siku nilifikiri." Leo nimekuja kumjibu, naye namwona ameketi pale. (Makofi.)

KIBAHA NA MAGARI

Mtu wa mbali akisikia Pangani hudhani ni ile ya Tanga, penye mto. Yetu sisi ni hii ya Kibaha, ya mihogo, mikorosho na vumbi. Malori yaendayo Morogoro, Dodoma, Zambia na Kongo hupita katika mji wetu usiku na mchana. Twalala na kuamka kwa mlio wa injini. Lakini tukiulizwa injini zile zimetoka wapi, twajibu: zimetoka bandarini. (Kicheko.) Bandari haizai injini, ndugu zangu. Iko karakana mahali fulani iliyoizaa, na ndani ya karakana ile yuko kijana aliyefundishwa.

Hata hivyo Kibaha si ngeni katika mambo haya. Katika miaka ya 1980 palikuwa hapa na kiwanda cha TAMCO, kilichounganisha malori ya Scania. Kiwanda kile kilisimama, na leo TAMCO limebaki kuwa jina la eneo la viwanda. Ni hapa Kibaha pia lilipo Shirika la Nyumbu, lililoundwa rasmi mwaka 1985 chini ya wizara ya ulinzi, kutokana na wazo la Mwalimu Nyerere kwamba Tanzania ijifunze kuunda gari lenye kufaa barabara zake. Na katika miaka hii ya 2020 malori ya FAW kutoka China yanaunganishwa hapa hapa Kibaha katika kiwanda cha GF.

Basi mama anaponiuliza habari za viwanda vya magari, haniulizi habari za Ulaya. Aniuliza habari za jirani yake. Kwa hiyo yafaa tujue kazi yenyewe ni kazi gani.

GARI KATIKA MAKASHA

Gari moja, ukihesabu kila skrubu na kila waya, lina vipande karibu 30,000. Kiwanda cha kuunganisha hupokea vipande hivyo vimefungwa katika makasha. Mara nyingine vimekuja vikubwa vikubwa: injini nzima, kabini nzima iliyokwisha kupakwa rangi, ekseli nzima. Hapo kazi ya fundi ni kuvikalisha juu ya chesisi, kukaza nati, kuunga nyaya na mabomba, kutia mafuta, kupima breki, na kuliwasha. Mara nyingine vimekuja vidogo zaidi, na kiwanda hapana budi kichomelee mabati ya bodi, kizamishe bodi katika dawa ya kuzuia kutu na kupaka rangi chenyewe. Njia hii ya pili ni ngumu zaidi, na kwa sababu hiyo inafundisha zaidi.

Magari husogea katika mstari kutoka kituo hadi kituo. Mtindo huu wa mstari unaotembea ulienea kutoka kiwanda cha Henry Ford huko Marekani mwaka 1913. Kabla yake chesisi moja ya gari ilichukua saa zaidi ya 12 kuunganishwa. Baada yake ikachukua saa moja na nusu hivi. Gari likawa rahisi. Lakini upande wa mfanyakazi ulikuwa mwingine. Mtu aliyekuwa fundi kamili akageuzwa kuwa mtu wa kukaza nati moja tangu asubuhi hadi jioni. Wakachoka wakakimbia. Katika mwaka 1913 Ford alilazimika kuajiri watu zaidi ya 50,000 ili apate kubaki na watu kama 14,000. Januari 1914 akatangaza malipo ya dola 5 kwa siku ya saa 8, na watu wakabaki.

Nawaambieni habari hii ili mjue kwamba katika kiwanda cha magari ziko kazi za namna mbili. Iko kazi ya mkono peke yake, ambayo kijana huijua kwa siku tatu. Na iko kazi ya ufundi hasa. Katika hiyo yumo mpimaji wa ubora, yumo fundi wa umeme wa mitambo, yumo mpangaji wa hatua za kazi, yumo mchoraji. Yumo pia mtengeneza kalibu, na huyu wengi hawamjui. Mlango wa gari huzaliwa kati ya kalibu mbili za chuma kizito; bati huwekwa katikati, mashine hukandamiza, bati likapata umbo la mlango. Mwenye kalibu ile anaweza kutoa milango 100,000. Asiye nayo atanunua kila mlango mpaka mwisho wa dunia.

LORI LILIKUWA JIPYA

Sasa nitawasimulia jambo ambalo si la sifa. Nimelisema nyumbani kwangu, lakini mbele ya mkutano sijawahi.

Kiwanda nilichofanyia kazi hakikuwa hapa Kibaha, na jina lake silitaji, kwa kuwa kosa ninalolisema ni langu. Nilikuwa kijana wa miaka 24, kituo changu ni magurudumu. Gurudumu la lori kubwa hufungwa kwa nati 10. Kila nati yataka kukazwa kwa nguvu iliyopimwa, karibu sawa na mtu wa kilo 60 kuning'inia kwenye ncha ya mtarimbo wa mita 1. Ukikaza pungufu, nati hulegea njiani. Ukizidisha, bolti huvutika ndani kwa ndani, na siku moja hukatika. Tena hukazwa kwa kuvukana: ukimaliza ya juu, inayofuata ni ya chini yake, ili gurudumu likae sawasawa. Kwa kazi hiyo iko spana maalumu yenye kipimo, inayokuonyesha kwamba hapa ndipo.

Siku moja spana ile ya kipimo ikaharibika. Ikapelekwa kutengenezwa. Siku ya kwanza tukasubiri. Siku ya pili msimamizi akaja, akasema malori yanadaiwa mwisho wa mwezi, tutumie spana ya kawaida na bomba la kuongezea urefu, "wewe ni fundi, mkono wako unajua." Ndugu zangu, hakuna neno tamu kwa kijana kama hilo. Nikakaza kwa mkono. Kisha nikachukua kadi ya gari, na pale palipoandikwa "nguvu ya kukaza imepimwa", nikatia sahihi yangu.

Haikupita wiki nne, habari zikaja. Lori moja likiteremka mlima gurudumu la nyuma la kushoto lilichomoka. Dereva alipona. Utingo wake alivunjika mguu vibaya, ukakatwa chini ya goti. Wakaifungua kadi ya lori lile, wakakuta sahihi yangu.

Sikufukuzwa. Niliambiwa niandike barua ya kueleza, nikaandika, na barua ikawekwa katika faili. Lakini nilikwenda hospitali kumwona yule utingo. Alikuwa kijana wa rika langu. Akaniuliza, "Ndiye wewe uliyefunga gurudumu?" Nikamwambia, "Ndimi." Akanitazama kwa muda mrefu. Hakunitukana. Aliniambia neno moja tu: "Lori lilikuwa jipya."

Nimekuwa fundi miaka zaidi ya 40, na neno lile bado nalisikia. Maana yake ni hii: watu huamini kitu kipya. Mwenye basi huamini, abiria huamini, mama anayepanda na mtoto mgongoni huamini. Hawakujui jina wala sura, lakini wameweka roho zao katika sahihi yako. Kazi ya fundi wa kiwandani ni kuiheshimu amana hiyo wakati hakuna anayemtazama. Kijana asiyeweza kumwambia msimamizi wake, kwa adabu, "Mzee, bila kipimo sitii sahihi," huyo hajawa fundi, hata akiwa na mikono ya dhahabu. (Makofi.)

KAMBA YA KUSIMAMISHA MSTARI

Baada ya miaka miwili nilichaguliwa kwenda ng'ambo miezi sita, kujifunza katika kiwanda kikubwa cha magari. Siku ya pili tu nikaona jambo lililonishangaza. Juu ya vituo vya kazi ilipita kamba. Binti mmoja wa miaka kama 20 aliyekuwa akifunga mabomba ya breki akaivuta. Taa ikawaka, na baada ya kitambo mstari ukasimama. Nikangoja nisikie matusi. Msimamizi akaja mbio, akainama pamoja naye, wakatazama bomba lililokuja na kasoro, akamshukuru, mstari ukaendelea. Jioni wakakutana kuuliza: kasoro ile ilitoka wapi, na kwa nini haikuonekana huko ilikotoka?

Nikauliza asili ya mambo haya, nikaelezwa habari za Toyota, kampuni ya Japani. Mwanzo wake ulikuwa katika vitambaa. Sakichi Toyoda alikuwa mwunda mashine za kufumia nguo. Mwaka 1924 yeye na mwanawe Kiichiro walikamilisha mashine inayosimama yenyewe uzi ukikatika, ili isiendelee kufuma nguo mbovu. Akina mama wa Pwani mnaosuka ukili mtaelewa upesi. Chane ikikatika nawe ukaendelea kusuka, utashona mkeka mzima juu ya kosa moja, na mwisho wake utaufumua wote. Haki za mashine ile ziliuzwa kwa kampuni moja ya Uingereza mwaka 1929, na Kiichiro akaingia katika uchunguzi wa magari. Alinunua gari la Kimarekani, akalifungua kipande kwa kipande, akapima, akachora. Mwaka 1937 kampuni ya magari ya Toyota ikaundwa.

Angalieni hatua zile: akafungua, akapima, akachora. Hakuishia kufungua. Hapa kwetu mtaani wako vijana hodari sana wa kufungua. (Kicheko.) Giaboksi wanaishusha gizani. Lakini ukimwuliza, "Meno ya gia hii yana unene gani? Nafasi kati ya pistoni na silinda ni ngapi?" atakwambia, "Iko sawa tu, mzee." Nyingi za nafasi hizo ni nyembamba kuliko unywele wa kichwa chako. Jicho haliwezi kuziona. Kwa hiyo wenye kuunda magari waliacha kutegemea jicho, wakashika maikromita.

KUUNGANISHA SI AIBU

Wako watu wanaodharau viwanda vya kuunganisha. Husema, "Huko ni kukaza nati za wenzetu tu." Mimi siwaungi mkono. Karibu wakubwa wote wa leo walianza kwa mkono wa mtu mwingine.

FAW yenyewe, ambayo malori yake yanaunganishwa hapa Kibaha, ilianzishwa mwaka 1953 huko Changchun, China, kwa msaada wa Warusi. Mwaka 1956 ikatoa lori lake la kwanza, lililoitwa Jiefang, nalo lilifuata mfano wa lori la Kirusi. Wachina hawakuona haya kuwa wanafunzi.

Hali kadhalika Hyundai wa Korea ya Kusini. Kampuni yao ya magari iliundwa mwaka 1967, na mwaka 1968 wakaanza kuunganisha gari la Ford lililoitwa Cortina. Katika miaka ya 1970 wakatoa gari lao wenyewe, Pony, ijapokuwa umbo lake lilichorwa na Mwitaliano na ufundi wa injini ulitoka kwa Mitsubishi wa Japani. Hawakukoma hapo. Mwaka 1991 wakatoa injini waliyoibuni wenyewe. Hesabuni: tangu nati ya kwanza hadi injini yao ni miaka 23. Kijana aliyeingia kiwandani akiwa na miaka 20 aliiona injini ile akiwa na miaka 43, angali na nguvu zake.

Siri ilikuwa nini? Hawakukubali kukaa katika darasa moja milele. Kila kasha lililofunguliwa liliulizwa swali: ndani yake mna kipande gani ambacho mwakani tutakitengeneza wenyewe?

MAJARIBIO YETU

Sasa turudi kwetu Afrika Mashariki, maana sisi pia tumejaribu.

Jirani zetu wa Kenya wana viwanda vya kuunganisha tangu miaka ya 1970, huko Nairobi, Thika na Mombasa, na vipo hadi leo. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya. Magari matano ya majaribio yakatengenezwa, yakaitwa Nyayo Pioneer, yakaonyeshwa mbele ya watu mwaka 1990. Yalitembea. Lakini fedha za kuyatengeneza kwa wingi hazikupatikana, na jambo likaishia hapo. Uganda, watu wa Makerere walionyesha gari la umeme liitwalo Kiira mwaka 2011, na mwaka 2016 likaonyeshwa basi lao la Kayoola lenye kusaidiwa na nguvu za jua. Kutoka hapo wameendelea hadi kujenga kiwanda cha mabasi Jinja.

Na sisi tuna Nyumbu. Lori la Nyumbu lilikuwa kazi ya Watanzania waliothubutu. Wapo wanaolicheka kwa sababu halikujaza barabara. Mimi silicheki hata kidogo. Mtu aliyechora chesisi, akaikata, akaichomelea, akaipakia mzigo, akaona inapopinda, akaichora upya, huyo amejua jambo ambalo hakuna kasha litakalomletea. Lililotushinda lilikuwa kutoka katika gari moja la kujaribu kwenda katika magari 1,000 ya kuuza.

Na kwa nini viwanda vyetu vingi vya kuunganisha vilizorota? Tuseme kweli bila kumtafuta mchawi. Kwanza, makasha yalinunuliwa kwa fedha za kigeni, na katika miaka ya 1980 fedha hizo zilikuwa haba mno. Mfanyakazi alifika asubuhi akakuta mstari mtupu. Pili, soko lilikuwa dogo, na kalibu ya mlango hailipi gharama yake kwa magari machache. Tatu, biashara ilipofunguliwa, magari yaliyokwisha kutumika yakaja kwa meli, mengi kutoka Japani, na mtu mwenye fedha kidogo akanunua hayo. Simlaumu. Hata mimi nimenunua. (Kicheko.) Nne, na hili ndilo la maana leo, viwanda viliposimama mafundi wakatawanyika, na walichokijua kikatawanyika nao. Mashine iliyofungwa unaweza kuipaka grisi ikangoja. Ujuzi haungoji. Mwenzangu mmoja, mpimaji hodari kupita sisi sote, alimaliza maisha yake akiuza mkaa. Alipokufa, vitabu vyake vya vipimo vilifungiwa maandazi.

MASWALI MATATU YA KUULIZA

Kwa viongozi wetu waliokuja hapa nina maneno machache, nanyasema kwa heshima.

Kiwanda kinapofunguliwa, sisi wanachama hupenda kwenda kushangilia. Utepe hukatwa, lori huwashwa, husemwa kwamba gari limeundwa nchini. Tushangilie, si vibaya. Lakini baada ya makofi tuulize maswali matatu. La kwanza: katika lori hili, vipande vingapi vimetengenezwa Tanzania, na mwakani vitakuwa vingapi? La pili: mchoro na kipimo cha vipande hivyo vinashikwa na nani? La tatu: kati ya vijana walioingia hapa kukaza nati, wangapi wamepandishwa kwenda kupima, kuchora na kutengeneza kalibu?

Tukiuliza mara moja tutaonekana wasumbufu. Tukiuliza kila mwaka, mwenye kiwanda atakuwa na jibu tayari. Wala tusidai miujiza. Injini ni mlima mrefu. Lakini springi, viti, matangi ya mafuta, vifungo vya nyaya, betri, mabodi na matrela si mlima. Mafundi wetu hujenga mabodi ya mabasi na matrela hata sasa. Huko ndiko pa kuanzia, kwa kipimo sahihi na kwa ubora usiobadilika kutoka kipande cha kwanza hadi cha elfu. Arusha tulikuwa na kiwanda cha tairi, General Tyre, kilichoanza kazi tangu miaka ya 1970. Kilisimama mwishoni mwa miaka ya 2000, na tairi tukarudi kuziagiza. Kupanda ngazi ni kazi. Kuteremka hakuhitaji hotuba. (Makofi.)

KWA VIJANA

Ninyi vijana, nawaombeni mambo manne.

Msidharau hesabu na michoro. Fundi asiyesoma mchoro ni kama msafiri asiyejua njia; atafika tu pale alipopelekwa. Vyuo vipo. VETA ipo hapa Kibaha. Dar es Salaam iko Taasisi ya Teknolojia, DIT, na kipo Chuo cha Usafirishaji, NIT, pale Mabibo. Mwenye cheti cha chini apande, na asiyeweza kwenda mchana atafute mafunzo ya jioni.

Msikubali kukaa kituo kimoja bila kujua cha pili. Ukikaza magurudumu, muulize wa breki anafanya nini. Muulize kwa adabu, wakati wa mapumziko, na umsaidie kubeba. Hakuna fundi anayemnyima anayembebea. (Kicheko.)

Andikeni. Daftari la fundi ni shamba lake. Andika tatizo, kipimo, ulichofanya, na matokeo. Magari ya umeme yanakuja, na yale ya kompyuta yamekwisha kufika. Mambo yatabadilika sana, lakini aliyezoea kupima na kuandika hatapotea.

La nne mmekwisha kulisikia. Sahihi yako ni mguu wa mtu.

JIBU LA MAMA

Sasa mama, nakujibu.

Bodaboda si kazi ya aibu. Imelisha nyumba nyingi za Pangani, na mjomba wake amefanya wema. Lakini bodaboda ile mwanao ataiendesha miaka kumi, na mwaka wa kumi atajua karibu yale yale aliyoyajua mwaka wa pili. Kiwandani nako kunaweza kuwa hivyo hivyo. Akikaza nati moja miaka kumi kwa kibarua cha siku, atakuwa ameiacha pikipiki ya mjomba na kupanda pikipiki ya tajiri.

Kwa hiyo nasema mpeleke, lakini kwa sharti. Mnunulie daftari na kalamu. Kila mwisho wa mwezi mwambie akae hapo barazani akusomee alichojifunza. Usijali kama huelewi maneno ya kifundi. Utajua tu kama mwezi huu kuna jambo jipya au ni lile lile. Ukiona mwaka umepita na daftari halina jipya, mwondoe umpeleke chuoni, hata kama itabidi kuuza korosho za miaka miwili. Na siku akirudi nyumbani ameudhika kwa sababu alikataa kutia sahihi juu ya kazi isiyopimwa, usimgombeze kwamba anachezea ugali. Mpikie vizuri siku hiyo. (Makofi.)

Mimi sina mali ya kuwapa vijana wa hapa. Nina karakana, kalipa mbili, maikromita moja, na giaboksi moja kuukuu ya lori. Kuanzia Jumamosi ijayo, saa 3 asubuhi, mlango uko wazi kwa vijana wa kike na wa kiume. Tutaifungua giaboksi ile, tutapima kila gia, tutaichora kwenye karatasi, kisha tutaifunga tena. Hakuna ada. Atakayekuja bila daftari nitamrudisha nyumbani akalichukue.